SOMO: Maji ya mtoni ukiwa mlimani, namna ya kuyanywa bila kurudi unaendesha

Wakuu, salaam.

Kiangazi kikianza watu wanapanda Uluguru, Usambara, Udzungwa na Meru, na mimi naanza kupokea ujumbe uleule: "Mkuu, yale maji ya juu si ni ya chemchemi? Mbona meupe kabisa?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena namtumia kiungo cha uzi huu.

Meupe siyo salama. Njia ya Lushoto kwenda Mtae inapita kijiji baada ya kijiji, na kila kijito unachokivuka kimeshapita kwenye zizi la mtu, choo cha shimo na shamba la kabichi lililopuliziwa dawa. Uluguru upande wa Morningside mashamba ya mboga yamepanda yakaukaribia msitu. Ukifika msituni juu ya makazi yote, hatari inapungua, haiishi. Kuna nyani, na kuna mpanda mlima mwenzako aliyejisaidia hatua kumi kutoka mtoni kwa sababu alikuwa na haraka.

Vifaa: sufuria ndogo na jiko la gesi, au vidonge vya klorini, au chujio la mkononi. Ukiweza beba viwili kati ya hivyo, maana kila kimoja kina vijidudu kinavyoviweza na vinavyokishinda.

1. Chota maji yanayokimbia, upande wa juu wa mto kabla hayajafika darajani wala mahali ng'ombe wanaponyweshwa. Dimbwi liache.

2. Usiingie majini kuchota. Simama juu ya jiwe, tumia kikombe chenye mpini. Huku chini kwenye maji yaliyotulia yenye konokono, kichocho hakisubiri uyanywe, kinapenya ngozi ya mguu.

3. Yana tope? Yaache yatuame, kisha yamimine taratibu kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Kipande cha kanga kuukuu kinafaa sana, kuliko kipya chenye rangi inayochuja.

4. Kama una gesi, chemsha. Yakitokota kwa mapovu makubwa yasiyokatika, hesabu dakika moja. Juu ya mita 2,000 hesabu dakika tatu. Hii inaua bakteria, virusi, amiba, giardia (kijidudu cha kuharisha), wote. Hakuna njia inayoizidi, tatizo lake ni gesi na muda.

5. Vidonge. Hapa tusimame kidogo, maana nusu ya ujumbe ninaopokea chanzo chake ni hapa, na mimi mwenyewe niliwahi kuharibia kundi zima hapahapa.

Soma pakiti. Vidonge vinavyopatikana zaidi kwenye maduka yetu ya dawa vimetengenezwa kwa ajili ya ndoo ya nyumbani. Kama pakiti imeandikwa mg 67, kidonge kimoja ni cha LITA 20. Mtu anakitumbukiza kwenye chupa ya lita moja na nusu, anatikisa, anakunywa, tumbo linamuwaka, kisha anasema vidonge ni vibaya. Piga hesabu: kidonge hicho kinatoa takribani mg 40 za klorini. Kwenye lita 20 ni mg 2 kwa lita, sawasawa kabisa. Kwenye lita moja na nusu ni karibu mg 27 kwa lita, wakati kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mg 5. Unakunywa maji ya kufulia.

Kukikata kwa kisu vipande kumi na vitatu usijaribu. Kinavunjika unga, na kipande kilichobaki kinavuta unyevu kwenye pakiti iliyofunguliwa. Fanya moja kati ya haya matatu:

Mkiwa kundi, bebeni dumu jepesi la lita 20 au la 10, mtibu maji ya wote kambini jioni. Kwa dumu la 10 nusu kidonge kinakubali, kikatwe kwa uangalifu, nusu ya pili itumike usiku huohuo.

Ukiwa peke yako, tafuta vidonge vidogo vya lita moja. Vipo, ila siyo kila duka.

Ukivikosa, nunua bomba la sindano la ml 10, bila sindano yenyewe. Yeyusha kidonge cha mg 67 kwenye ml 200 za maji safi, vuta ml 10 za mchanganyiko huo kwa kila lita moja unayotaka kutibu. Mchanganyiko uwe kwenye chupa iliyoandikwa DAWA kwa maandishi makubwa, usikae juani, na ukifika jioni uliobaki umwage. Usiuhifadhi kwa kesho.

Halafu SUBIRI. Dakika 30, kwa saa, siyo kwa kukisia. Maji ya baridi kali ya juu mlimani yape saa nzima au zaidi, klorini inafanya kazi polepole kwenye baridi. Maji yenye ukungu ambayo kitambaa hakikuyasafisha yanakula dawa, ongeza kipimo mara mbili. Na usitie unga wa juisi, limau wala vidonge vya vitamini C kabla muda haujaisha. Vitamini C inaiua klorini palepale, unabaki na juisi tamu yenye vijidudu hai.

Moja zaidi: klorini haimuui cryptosporidium, kijidudu kingine cha kuharisha, kwa kipimo hiki, na giardia naye ni mgumu kwake. Ndiyo maana nasema chuja kwanza, kwa chujio la hatua ya 6, siyo kitambaa tu.

6. Chujio la mkononi lenye matundu ya mikroni 0.1 linazuia bakteria, amiba, giardia na huyo cryptosporidium. Virusi vinapita, ni vidogo mno. Kwa hiyo karibu na vijiji: chujio, kisha klorini. Lisafishe kwa kulisukumia maji safi kinyumenyume kila likianza kuwa zito.

7. Mdomo wa chupa. Umetibu maji ya ndani, lakini kwenye mikunjo ya kifuniko yamebaki ya mtoni. Ukishatia dawa, legeza kifuniko, pindua chupa, acha maji yenye dawa yavuje kuzunguka mdomo, kisha funga. Kikombe cha kuchotea kisiwe cha kunywea.

Nimemaliza. Ulizeni, ila someni kwanza.

MASWALI

Chapa Lapa: Mkuu nimepitia haraka haraka. Kwa hiyo ni kidonge kimoja chupa moja?

Mwandishi: Hapana. Hatua ya 5. Isome yote.

Mguu Chuma: Mnatisha watu bure. Mimi Sanje nimekunywa maji moja kwa moja chini ya maporomoko, hadi leo mzima.

Mwandishi: Hongera. Giardia huchukua wiki moja hadi mbili kabla tumbo halijaanza, kwa hiyo wengi wanaumwa wakiwa wamesharudi mjini na lawama inakwenda kwa muuza chipsi. Wewe hukuumwa, sawa. Mimi naandikia kundi la watu kumi na wawili ambao mmoja wao akianza kuharisha siku ya pili, wote mnashuka.

Mguu Chuma: Sijasema usiandike.

Mwandishi: Na mimi sijasema usinywe.

Mwalimu wa Fizikia: Somo zuri. Nina swali. Juu Kilimanjaro maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Hizo dakika tatu zinatosha kweli, au tunajidanganya?

Mwandishi: Swali safi sana hili, mwalimu. Ni kweli, kambi ya Horombo kwenye mita 3,720 maji yanatokota takribani nyuzi 88, na Kibo kwenye 4,720 ni kama nyuzi 84 au 85. Lakini vijidudu havihitaji 100. Maziwa kiwandani yanapashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa nusu saa, na yanahesabika salama. Maji yako yameshapita 70 muda mrefu kabla hayajatokota, na yanaendelea kuwa ya moto wakati yanapoa. Dakika tatu ni za kujihami. Kutokota kwenyewe ni alama tu ya kumwonesha asiye na kipimajoto kwamba amevuka mstari. Maharage ndiyo yatakayokushinda kule. Vijidudu vinakufa, maharage hayaivi.

Mwalimu wa Fizikia: Ahsante. Nitaitumia darasani.

Mkazi wa Usa River: Sisi wa huku Meru tatizo letu siyo amiba tu. Umesahau floridi.

Mwandishi: Sijasahau, nilikuwa nangoja mtu wa huko aje aiseme. Wakuu wengine msikilizeni: mito kadhaa ya miteremko ya Meru, ukiwemo Maji ya Chai, ina floridi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano, na maziwa ya Momella ndiyo usiseme. Kuchemsha hakuiondoi. Kunaizidisha, kwa sababu maji yanapungua kwa mvuke na floridi inabaki. Vidonge haviigusi, chujio la mkononi haliigusi. Kwa mtu mzima anayepanda siku tatu nne siyo janga, madhara yake ni ya kunywa miaka, hasa kwa watoto ambao meno yanaota. Lakini usijaze madumu huko ukapeleka nyumbani.

Mkazi wa Usa River: Hapo umesema. Na mkaa wa mifupa?

Mwandishi: Unafanya kazi, kituo cha Ngurdoto wameushughulikia miaka mingi. Ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa joto linalopimwa, ikasagwa na kuwekwa kwenye ndoo ya kuchujia. Ni kifaa cha nyumbani, siyo cha begini. Na mkaa wa kawaida wa kuchomea mahindi haufanyi kazi hiyo, nimeona mtu akitumbukiza kipande kwenye chupa.

Bi Mkubwa wa Dodoma: Mwanangu, sisi tulikuwa tunatumia mbegu za mlonge. Mbona hukuzitaja?

Mwandishi: Shikamoo mama. Umenikumbusha jambo. Mbegu za mlonge zilizokauka zikimenywa na kutwangwa, unga wake ukikorogwa kwenye maji ya tope unayashikamanisha matope yanazama chini, maji yanabaki meupe. Shabu nayo inafanya hivyo. Inapunguza hata vijidudu vingi, kwa sababu vinazama na tope. Ila haivimalizi, kwa hiyo baada ya mlonge bado uchemshe au utie klorini. Kwa mto wa masika ulio kama kahawa, mlonge kwanza ndiyo njia bora, kidonge peke yake kwenye tope lile ni hasara.

Bi Mkubwa wa Dodoma: Marahaba. Na msiukoroge haraka mpaka mwisho. Mwanzo kwa nguvu, kisha polepole sana, halafu uache kama saa moja au mbili. Ukiharakisha tope halishikani.

Mwandishi: Andikeni hiyo, wakuu.

Kamba Mbili: Jik je? Si klorini ileile?

Mwandishi: Yenye manukato usiguse. Isiyo na manukato nguvu yake inashuka kadiri ilivyokaa dukani, na hujui imekaa muda gani. Vidonge ni bei ndogo. Nunua vidonge.

Kamba Mbili: Ila kwa dharura?

Mwandishi: Kwa dharura una sufuria.

Baridi Shira: Chujio langu nililitumia siku tatu vizuri, asubuhi ya nne maji yakaanza kupita kwa kasi kuliko lilipokuwa jipya. Nikafurahi. Baada ya somo hili nimeanza kuwa na wasiwasi.

Mwandishi: Wasiwasi wako ni sahihi, na bahati umeuliza. Ndani ya chujio kuna nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati. Likishalowa mara ya kwanza, maji yanabaki humo daima. Usiku yakiganda yanatanuka, nyuzi zinapasuka, na kwa nje huoni kitu. Dalili ndiyo hiyo: maji yanapita upesi. Hilo limekufa, usilitumie tena wala usimpe mtu. Kuanzia kambi yenye baridi ya kugandisha, likung'ute, liweke kwenye mfuko wa plastiki, ulale nalo ndani ya begi la kulalia. Mchana litembee mfukoni mwa koti, siyo mfuko wa nje wa begi.

Baridi Shira: Ahsante sana mkuu. Lilikuwa mfuko wa nje.

Chapa Lapa: Kuanika chupa juani masaa sita nasikia nako kunatosha?

Mwandishi: Kunatosha, kama chupa ni ya plastiki angavu isiyozidi lita mbili, maji hayana ukungu, na jua ni kali. Kukiwa na mawingu ni siku mbili. Wewe unatembea, chupa iko begini. Hiyo ni ya siku ya kupumzika kambini, kwenye bati au jiwe.

Mpagazi Mstaafu: Ongeza hili: Kilimanjaro kwa njia ya Machame maji ya mwisho ni kambi ya Karanga. Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, hakuna maji. Watu wanafika Barafu wanauliza mto uko wapi.

Mwandishi: Kweli kabisa mzee wangu. Na Kibo kwa njia ya Marangu vilevile, maji yanabebwa kutoka chini. Kwa hiyo tibu ya usiku wa kilele ukiwa bado mtoni.

Mpagazi Mstaafu: Na usiku ule waigeuze chupa kichwa chini ndani ya begi. Maji yanaanza kuganda juu, ukiisimamisha kawaida kifuniko kinakwama na barafu.

Kamba Mbili: Je, nikitia ya moto kabisa kwenye chupa jioni nikalala nayo miguuni?

Mpagazi Mstaafu: Ya chuma au plastiki ngumu ndiyo, ivalishe soksi. Ile laini ya maji ya dukani inajikunja na kuvuja, na getini hawataki uingie nayo.