Historia ya bendi ya panki: anza na kaseti

Panki ya muziki, yaani roki ya kasi na makelele, si ile ya kinyozi. Bendi inayojitegemea mara nyingi haina kampuni ya kuitunzia kumbukumbu, kwa hiyo okoa kanda kabla hujamhoji mtu.

Kanda iliyolala stoo Tukuyu au Mufindi, kwenye mvua na ukungu, huota kuvu: unga mweupe pembeni mwa utepe. Hiyo usiicheze, itachafua hedi (kichwa kinachosoma utepe) ya redio kaseti na kuvu itahamia kaseti nyingine. Iliyo safi ipeleke mbele hadi mwisho, uirudishe, ndipo ucheze, maana utepe uliokaa miaka hujikaza. Futa hedi kwa pamba na alkoholi ya isopropili. Vunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, usije ukarekodi juu yake.

Chukua sauti kwenye tundu la kutolea (line out) la redio hadi kompyuta, uihifadhi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, 48 kHz, biti 24. Kaseti iliyoandikwa C-60 ni dakika 30 kila upande. Makelele usiyasafishe, nusu ya panki ndiyo hayo.

Tarehe? Kumbukumbu ya mpiga dramu haitoshi. Linganisha kasha, bango na risiti ya ukumbi. Vikigongana, andika vyote.