Jinsi ya kutafsiri neno "log" bila kumpoteza msomaji

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka hapa Dodoma: taarifa za magari ya miradi, mikataba, miongozo ya mifumo ya kompyuta. Neno "log" limo karibu kila wiki, na limewahi kuniletea taabu kubwa. Ukifungua kamusi unakuta "gogo", basi. Mimi hupita hivi.

Hatua ya 1: Lijue gogo lenyewe

Usiruke hatua hii, hasa sisi wa bara tulio kilomita 450 hivi kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Neno hili lilipata maana zake nyingi za ofisini kwa kupitia melini.

Mabaharia wa Ulaya walipima mwendo wa chombo kwa kutupa majini ubao, ambao Waingereza waliuita "log", yaani gogo. Mwingereza William Bourne alieleza njia hiyo kwa maandishi mwaka 1574. Baadaye ubao ukawa unachongwa kama robo ya duara, ukingo wa mviringo ukitiwa madini ya risasi ili usimame wima, kisha unafungwa kamba yenye mafundo. Baharia anautupa nyuma ya meli. Ubao unatulia pale ulipoangukia, meli inasonga, kamba inampita mkononi fundo baada ya fundo. Mwenzake anatazama chupa ya mchanga ya sekunde 28. Mchanga ukiisha, anaikamata kamba na kuhesabu. Fundo hadi fundo ilikuwa kama meta 14.4, kwa hiyo yakipita mafundo matano, meli inakwenda maili tano za baharini kwa saa, kila maili ikiwa meta 1,852. Ndiyo maana hadi leo mwendo wa meli na wa ndege huhesabiwa kwa "mafundo".

Hesabu ile iliandikwa kwa chaki, kisha ikahamishiwa daftarini pamoja na saa, upepo na mwelekeo wa safari. Daftari likarithi jina la gogo.

Hatua ya 2: Tafuta saa

Hiki ndicho kipimo changu kikuu. Isome sentensi ya Kiingereza, ujiulize: je, kuna jambo linaloandikwa kwa kufuata wakati, moja baada ya jingine? Kama lipo, uko kwenye daftari la meli, na Kiswahili chake ni "kumbukumbu", "rejesta" au "daftari la" jambo fulani. Kwa mlinzi wa getini andika "daftari la zamu". Kwa dereva, "daftari la safari". Mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo anajaza "daftari la kazi za kila siku". Kwa kompyuta mimi huandika "kumbukumbu za matukio ya mfumo", maana kila mstari wake una tarehe na saa, vilevile kama ya nahodha.

Usipoona wakati, huenda ni gogo la mti tu. Andika "gogo" na uendelee.

Hatua ya 3: Kitenzi kifuate kazi inayofanyika

Mfumo ukikutaka u-"log in", andika "ingia"; kutoka ni "toka". Malalamiko "husajiliwa". Rubani aliye-"log" saa 500 "amefikisha saa 500 za kuruka". Usilazimishe kitenzi kimoja kibebe vyote.

Hatua ya 4: Simama kwenye "logbook"

Hapa nenda polepole. Niliwahi kutafsiri mkataba wa mkopo ulioandikwa Nairobi, wenye sharti kwamba mkopaji akabidhi "logbook" ya gari. Nikaandika "daftari la safari za gari". Mteja wangu akafika kwa mkopeshaji na daftari lenyewe, jalada limechanika, kurasa zimejaa vumbi na saini za madereva, mistari ya Dodoma–Kondoa na Dodoma–Singida. Walichotaka ni kadi ya gari. Siku ile alirudi mikono mitupu, nami nililiona kosa langu vizuri sana.

Kenya, kama Uingereza, "logbook" ya gari ni hati ya usajili. Kitabu cha zamani cha Uingereza kiliandikwa wamiliki mmoja baada ya mwingine, ndiyo maana kikaitwa hivyo. Kwetu Tanzania hiyo ni "kadi ya gari". Kwa hiyo kabla ya kutafsiri, uliza mambo mawili: waraka umetoka nchi gani, na nani atakishika kitu hicho mkononi.

Hatua ya 5: Watenge wasio wa ukoo

"Log" ya hesabu za shule haina baharia wala gogo. Ni kifupi cha logarithi, jina ambalo Mskoti John Napier alilitoa kwenye Kigiriki mwaka 1614. Iache "logi" au "logarithi".

"Waterlogged" ni wa ukoo. Ilisemwa kwanza kuhusu meli iliyojaa maji ikalala nzito, haitii usukani. Siku hizi utaikuta zaidi kwenye taarifa za kilimo. Ukitafsiri kwa ajili ya wakulima wa Bahi, andika "maji yametuama shambani", halafu angalia kama mwandishi anazungumzia jaruba la mpunga, ambamo maji yanatakiwa, au shamba la mtama, ambamo mizizi itaoza.