Jinsi ya kuchimba maisha ya mwigizaji wa Hollywood ya zamani bila kumuua kabla ya siku zake

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilirekodi kavideo kafupi kuhusu Edwina Booth, yule dada wa nywele za dhahabu kwenye filamu ya Trader Horn, nikasema kwa kujiamini kabisa kwamba alikuja Afrika kuigiza, akaumwa, akafa. Kinanda cha huzuni nyuma, sauti nimeishusha, yaani full msiba. Siku ya pili mtu akanitumia meseji ya mstari mmoja: huyo mama kafariki 1991. Nikagugo. Kweli bwana, tarehe 18 Mei 1991, Long Beach, California, akiwa na miaka 86. Nimemzika miaka sitini kabla ya siku zake.

Kilichonipoza kidogo ni kwamba sikuwa wa kwanza, huyu dada alizushiwa kifo miaka nenda rudi akiwa hai na anakula ugali wake kama kawaida (ok, ugali hapana). Lakini ndo nikaamua kujifunza kuchimba vizuri, na njia ninayotumia sasa ni hii, namtumia yeye yeye kama mfano maana nina deni lake.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hujafungua hata filamu moja, tafuta jina alilopewa na wazazi wake. Waigizaji wa enzi hizo majina yao mengi ni ya kazi. Edwina Booth alizaliwa Josephine Constance Woodruff, mji wa Provo, jimbo la Utah, baba yake daktari. Ukiandika tu Edwina Booth kwenye sehemu ya kutafutia utapata balaa, kwa sababu kulikuwa na Edwin Booth, mwigizaji mkubwa wa majukwaa wa karne ya 19, kaka yake John Wilkes Booth aliyempiga risasi rais Lincoln, na huyo Edwin alikuwa na binti, na binti huyo aliitwa nani? Edwina Booth. Mimi niliwahi kusevu picha ya mama wa kizamani mwenye gauni mpaka shingoni nikijua ni dada yetu kabla hajawa staa, kumbe ni huyo binti wa Edwin, kazaliwa 1861. Juu ya hapo neno booth lenyewe kwa Kiingereza ni kibanda, kwa hiyo magazeti ya zamani yatakuletea vibanda vya simu na vya kupigia kura mpaka uchoke. Weka jina zima ndani ya alama za kunukuu, halafu ongeza neno moja linalomhusu yeye tu, Provo au Metro (studio yake, Metro-Goldwyn-Mayer, kifupi MGM) au Horn, uone matokeo yanavyopungua.

Na usisahau mambo ya ndoa. Magazeti ya Marekani ya wakati ule mwanamke akiolewa jina lake linapotea, anakuwa Bibi fulani kwa jina la mume, la kwanza mpaka la ukoo. Huyu aliolewa zaidi ya mara moja, kwa hiyo yule uliyekuwa unamfuata vizuri mpaka 1935 hivi ghafla anayeyuka, hajafa, kabadilisha jina tu. Nahisi uvumi wa vifo vya mastaa wengi wa kike ulianzia hapo hapo.

Ukishapata majina yote yaandike kwenye karatasi moja, mimi natumia noti za simu, halafu nenda kwenye umri. Umri wa mwigizaji usiuamini mpaka uone karatasi ya serikali. Studio zilikuwa zinapunguza miaka kama wauza magari wanavyorudisha kilomita. Booth utakuta vitabu vya zamani vinasema kazaliwa 1909, na ukweli ni 13 Septemba 1904. Njia rahisi ya kumaliza huo ubishi ni sensa. Sensa ya Marekani inafanyika kila miaka kumi na inafunguliwa kwa watu wote baada ya miaka 72, kwa hiyo sasa hivi unaweza kusoma mpaka ile ya 1950. Chukua ya 1910, waliandika umri wa mtu ulivyokuwa tarehe 15 Aprili. Mtoto wa Septemba 1904 anapaswa kuwa na miaka 5, yule wa 1909 ni mchanga wa miezi 7. Hakuna karani wa sensa atakayechanganya mtoto anayekimbiza kuku na mtoto anayenyonya. FamilySearch, tovuti ya rekodi za ukoo na sensa, ni bure, unafungua tu akaunti, na kinachochekesha ni kwamba inaendeshwa na kanisa la Wamormoni ambalo ndo kanisa la dada mwenyewe.

Hapo sasa ndo unaingia kwenye filamu, na mimi nashauri uandike orodha ya filamu kwa mwaka KABLA hujasoma hadithi yoyote ya maisha yake. Hii ndo hatua iliyoniponza mimi kwa kuiruka. Angalia mwenyewe: 1928 Manhattan Cocktail, sehemu ndogo. 1929 Our Modern Maidens, ndogo tena, hata jina halimo. 1931 Trader Horn. Halafu 1931 hiyo hiyo The Vanishing Legion, seriali (filamu inayotoka kwa vipande) ya sehemu 12. 1932 The Last of the Mohicans, sehemu 12 nyingine, pamoja na The Midnight Patrol na Trapped in Tia Juana. Sasa mtu aliyekufa Afrika 1929 au 1930 amepanda vipi farasi kwenye seriali mbili baada ya hapo? Orodha peke yake ingeniokoa, dakika kumi tu.

Kuzitazama si ngumu ila si zote zipo. Manhattan Cocktail yenyewe imepotea, kimebaki kipande tu. Ndo hali ya filamu zile, Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti 2013 ikahesabu filamu ndefu za bubu 10,919 zilizotengenezwa na studio za Marekani kati ya 1912 na 1929, zilizobaki kamili katika umbo lake la asili ni kama asilimia 14. Filamu za naitreti, ile mikanda ya zamani, zinawaka moto kama petroli na zinaoza zikiwa kwenye kopo, na studio nyingi zilizitupa zilipoona sauti imeingia. Kwa hiyo ukimchimba mwigizaji wa 1915 jiandae kisaikolojia. Zile seriali mbili za Booth zinapatikana kwenye tovuti ya Internet Archive bila kulipa, na Trader Horn ni ya 1931 na hakimiliki ya filamu ya Marekani ya miaka hiyo inaisha baada ya miaka 95, kwa hiyo piga hesabu, Januari 2027 ndo inakuwa huru kwa wote.

Trader Horn yenyewe ukiitazama, itazame mara mbili. Mara ya kwanza utakasirika, sikufichi. Dada mzungu kalelewa na "washenzi" mpaka kawa mungu wao, wazungu wawili wanaenda kumwokoa, unajua wimbo wenyewe. Mara ya pili zima sauti uangalie nyuma ya waigizaji. MGM walimtuma dairekta W. S. Van Dyke na kikosi kizima Afrika Mashariki 1929, wakapiga picha Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo, zile poromoko za maji unazoona ni Murchison kwenye Nile, Uganda. Na kitabu kilichozaa filamu hii kinamhusu mzee mfanyabiashara, Horn mwenyewe, aliyezunguka mto Ogowe, ambao uko Gabon! Yaani hadithi ni ya pwani ya magharibi, twiga ni wa kwetu, na Hollywood hawakuona tatizo. Ukichimba filamu yoyote ya zamani ya "Afrika" jiulize swali hilo kwanza, hadithi ni ya wapi na kamera ilikuwa wapi, mara nyingi ni sehemu mbili tofauti, na mara nyingine ni nyuma ya studio tu. Hata hii walirudi wakapiga tena baadhi ya sini Marekani na Mexico, na picha za wanyama zilizobaki wakazitia kwenye Tarzan ya 1932 ambayo ni ya Van Dyke huyo huyo.

Mtazame pia Booth alivyovaa. Wengine wote kofia pana na mashati ya mikono mirefu, yeye kajifunika kwa nywele zake na kipande cha nguo tu, juani, siku baada ya siku, miguu wazi kwenye majani. Huhitaji daktari akuambie.

Sasa magazeti. Kuna hazina inaitwa Media History Digital Library, imeskani majarida ya sinema ya zamani kama Photoplay na Motion Picture, na sehemu yake ya kutafutia inaitwa Lantern. Ni bure, ila inakula bando, nenda sehemu yenye waifai. Humo utapata utamu wote lakini kuwa makini, mengi ya yaliyoandikwa kule yalipikwa na ofisi za matangazo za studio. Mimi nachukua vitu vitatu tu bila wasiwasi: tarehe ya toleo, picha, na nani yuko kwenye filamu gani. Maneno ambayo staa "alisema" naacha. Hata tarehe ya toleo ina ujanja wake, jarida la mwezi lilikuwa linaandaliwa wiki nyingi kabla, kwa hiyo likisema Mei "sasa hivi anapumzika" ujue hiyo ni habari ya baridi.

Kwa upande mwingine magazeti ya nyumbani kwao ni dhahabu. Utah Digital Newspapers ipo bure, na gazeti la mji mdogo halimwandiki binti kama staa, linamwandika kama mtoto wa fulani, kaja likizo, kaenda kwa shangazi, anaumwa, kapona. Tafuta jina la baba. Ndo utajua alikuwa wapi mwezi gani bila mbwembwe.

Tukija kwenye ugonjwa na kesi, hapa ndo pa kutulia kabisa. Alirudi Marekani mgonjwa, hilo halina ubishi, na aliishtaki MGM akidai zaidi ya dola milioni moja, wakamalizana nje ya mahakama. Lakini ukisoma sehemu tano utapata magonjwa matano, huku malaria, huku jua kali, huku kuhara damu, huku minyoo ya kwenye damu. Usichague lile linalokunogea. Andika hivi: gazeti fulani la mwaka fulani lilisema hivi, basi. Kesi nayo jua kwamba madai ni madai, wakili akiandika kwenye hati hayo ni maneno ya upande mmoja, na kesi iliyomalizwa nje haina hukumu, kwa hiyo usije ukasema mahakama ilithibitisha. Niliona mtu kaandika hivyo na watu elfu wamependa.

Kulikuwa na mdomo mwingine pia, mke wa Duncan Renaldo, mwigizaji mwenzake kwenye Trader Horn, alimfungulia Booth kesi ya kumwibia mume. Hiyo ndo aina ya habari itakayokuvuta kuliko zote na ndo inayohitaji ipewe mstari mmoja tu, kama nilivyoipa.

Baada ya 1932 staa anakwisha na mtu anaanza, na waandishi wengi ndo hufunga daftari hapo. Wewe endelea. Aliacha sinema moja kwa moja, akarudi kwenye imani yake, akaja kufanya kazi miaka mingi kwenye hekalu la Wamormoni la Los Angeles, lile lililofunguliwa 1956. Fikiria tu, watu wanabishana kama alikufa wapi, na yeye yuko mjini hapo hapo, dakika chache tu kwa gari kutoka studio aliyoishtaki. Kwa hiyo sheria yangu ya kifo ni hii: sitangazi msiba mpaka niwe na tanzia ya gazeti la wiki ile ile NA rekodi ya kaburi, na tarehe zifanane. Kimoja hakitoshi.

Sasa kuna kazi moja ambayo njia hii yote inakwama, na inaniuma. Kwenye Trader Horn kuna Mkenya, Mutia Omoolu, anacheza Rencharo, mbeba bunduki wa Horn, na kwa maoni yangu ndiye anayeigiza vizuri kuliko wote mle ndani, uso wake umetulia wakati wengine wanapiga makelele. Walimpeleka mpaka Hollywood kumalizia filamu. Ukimtafuta kwenye Lantern unamkuta kama kioja tu, mtu wa kupigwa picha akishangaa magorofa. Hakuna sensa ya kumkuta na miaka 5. Hakuna gazeti la nyumbani linalosema kaja likizo kwa shangazi. Jina lake andika kwa tahajia zote unazoweza kufikiria maana makarani wa wakati ule waliandika walivyosikia, jaribu herufi moja ya o, mbili, tatu, jaribu Mutia peke yake. Upande wa huku ni Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue Nairobi, na matoleo ya East African Standard ya 1929, miezi ile kikosi kilipokuwa huku, na hapo utafunua kurasa kwa mkono, uvae barakoa maana vumbi si la mchezo.

Na kama una babu au bibi wa maeneo yale, Murchison, Ziwa Albert au popote msafara ule ulipopita, mwenye hadithi aliyorithi kwa wazazi wake kuhusu wazungu waliokuja na mashine ya picha, mrekodi kwa simu leo. Usianze kumuuliza mwaka, atakwama. Muulize majina ya watu waliobeba mizigo, na walilipwa nini.