Somo: Kuitumia aikido kwenye mashindano ya judo, jiujitsu na MMA (mapigano mchanganyiko)

Ubishi wa kama aikido, sanaa ya Kijapani ya kujihami kwa kukunja viungo na kutupa, inafaa ulingoni huwa unaishia kwa watu kutupiana video. Hapa tuuache. Tuchukulie una miaka yako ya aikido, umeshajiandikisha kwenye shindano, na unataka kujua ubebe nini. Msimamo wangu: beba miguu na ujuzi wa kugombania mikono. Mitupo ya kifundo cha mkono, ile inayopendeza kwenye maonyesho, ije mwisho kabisa na kwa nafasi maalumu.

Hatua ya 1: Zijue kanuni za mchezo wako

Judo inaruhusu kukunja kiungo kimoja tu, kiwiko. Nikyo, sankyo na kote gaeshi, mbinu za aikido za kukunja kifundo cha mkono, zote zinabaki nje. Hata waki gatame, ambayo inabana kiwiko, ukijirusha nayo chini moja kwa moja kutoka wima unatolewa mchezoni. Kwenye jiujitsu ya Brazili kwa kanuni za IBJJF (shirikisho la kimataifa la mchezo huo), mtu mzima anaruhusiwa kukunja kifundo cha mkono kuanzia mkanda wa bluu. MMA inakubali kifundo, lakini kukamata kidole kimoja au viwili na kuvipinda ni kosa. Kwenye ndondi kushika ni kosa, kwa hiyo huko unabaki na miguu peke yake.

Hatua ya 2: Ingia, usizunguke

Irimi, yaani kuingia moja kwa moja kwa mpinzani, ndiyo mali yako kubwa. Mpinzani aliyetanguliza mguu wa kushoto akirusha jebu (ngumi ya mkono wa mbele), peleka kichwa nje ya ngumi hiyo na ukanyage nje ya mguu wake wa mbele, bega lako likielekea kugusa bega lake. Ngumi yake ya kulia sasa iko mbali. Ili akupige inabidi ageuze mwili mzima.

Wana-aikido wengi hukosea kwenye tenkan, ile hatua ya kugeuka. Wanazunguka duara kubwa kama walivyozoea, wanaacha nafasi ya mtu kupita katikati, na mpinzani anageuka nao bila taabu. Nusu hatua inatosha. Jambo lingine: kwenye dojo (ukumbi wa mazoezi) mtu anakuja kwa hatua moja ndefu na nia moja, lakini ulingoni ngumi mbili za kwanza mara nyingi ni danganya toto. Usiingie kwa sababu mkono umetikisika. Angalia goti lake la mbele. Likijikunja, uzito umeshaingia mguu huo na hawezi kuurudisha haraka. Hapo ndipo unapoingia.

Hatua ya 3: Ikkyo kutoka kwenye kushikwa shingo

Ikkyo, mbinu ya aikido ya kumtawala mtu kupitia kiwiko, ndiyo ningekushauri uifanyie mazoezi kuliko zote, kwa sababu kwenye mieleka na MMA watu hushikana shingo muda wote. Huhitaji kuudaka mkono hewani. Anakuletea mwenyewe.

Amekushika shingo kwa mkono wa kulia. Pitisha mkono wako wa kulia mbele ya kidevu chako, ubane kiganja chake palepale shingoni. Usijaribu kukibandua, maana unataka kibaki. Kiganja chako cha kushoto kiweke chini ya kiwiko chake, kisha kisukume juu kuelekea sikio lake, si pembeni. Wakati huohuo mguu wako wa kushoto unakanyaga nje ya mguu wake wa kulia. Bega lake litapanda, kifua chake kitageuka, na kwa muda mfupi utakuwa unaona mbavu zake na nusu ya mgongo.

Sasa amua kulingana na anavyojibu. Akiinama, endelea kukandamiza kiwiko hadi mikono yake iguse mkeka. Akivuta kurudi wima, achana na mkono, mkumbatie kiuno kutoka nyuma. Akinyoosha mkono kujizuia, bana juu ya kiwiko kwa kwapa lako la kushoto na waki gatame iko hapo, kama kanuni za mchezo zinaruhusu.

Tatizo la wengi ni kung'ang'ania jibu la kwanza. Ikkyo ulingoni ni mlango tu. Kazi yake ni kukufikisha mgongoni.

Hatua ya 4: Kifundo cha mkono, kiwiko kikiwa kimekwama

Kifundo kinakunjika pale tu kiwiko kisipokuwa na pa kwenda. Mtu akiwa wima na kiwiko huru, anakisogeza tu na maumivu yanaisha. Ongeza jasho, bandeji na glovu, ujue kwa nini kote gaeshi haionekani MMA.

Chini kwenye mkeka mambo hubadilika. Mpinzani aliye juu ameshika ukosi wa gi yako (vazi la mazoezi), kiwiko kimekunjwa na kimebanwa kifuani mwako: huko nikyo ni halisi na inakuja kimyakimya. Fanya polepole mazoezini. Kifundo hakitoi onyo refu kama kiwiko, na mwenzako anaweza kuumia kabla hajapata nafasi ya kugonga mkeka kukubali kushindwa.

Hatua ya 5: Mazoezi yenye upinzani

Kenji Tomiki, aliyesoma kwa Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, na kwa Morihei Ueshiba mwenyewe, mwanzilishi wa aikido, aliona zamani kuwa mbinu zinahitaji kujaribiwa kwa mtu anayekataa. Akatengeneza aikido ya mashindano katika Chuo Kikuu cha Waseda: mmoja ana kisu laini cha mazoezi, mwingine mikono mitupu, kisha wanabadilishana. Mfumo wake wa msingi una mbinu 17, na 5 za kwanza ni za kusukuma na kugonga mwili, si kukunja viungo. Mpangilio huo peke yake unasema mengi.

Anza na raundi za dakika 2 ambazo lengo ni moja tu: kufika nje ya mkono wa mwenzako. Ukiweza hilo dhidi ya mtu anayekataa kweli, ongeza ikkyo. Mtupo ni baadaye.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, kote gaeshi dhidi ya ngumi iliyonyooka haiwezekani kabisa?
Dhidi ya mtu anayejua ndondi, isahau. Ngumi yake inarudi kwa kasi ileile iliyokuja nayo. Anayeacha mkono umening'inia hewani ni yule wa dojo anayekusaidia.

Mkuu, mbona Anderson Silva, yule bingwa wa MMA, alifundishwa na Steven Seagal, mwigizaji wa filamu na mwana-aikido, na akashinda?
Unazungumzia pambano lake na Vitor Belfort, kwenye mashindano ya MMA ya UFC 126, mwaka 2011. Lile lilikuwa teke la mbele la kidevuni. Hata tukikubali Seagal alichangia, teke hilo halimo kwenye mtaala wa aikido. Tusijipe sifa zisizo zetu.

Mimi ni wa jiujitsu. Shiho nage, ule mtupo wa kupita chini ya mkono wa mpinzani, naweza kuitumia?
Umbo la mkono ndiyo: mkono uliokunjwa kurudi nyuma ya bega unaujua tayari ukiwa juu ya mtu. Kinachokuponza ni ile hatua ya kupita chini ya mkono wake. Kwa sekunde hiyo umempa mgongo, na mtu wa jiujitsu hasubiri kukaribishwa mara mbili, kabari inaingia. Ukiwa wima iache.

Nina dani ya kwanza (mkanda mweusi) ya aikido. Kweli nianze na mkanda mweupe kwenye jiujitsu?
Anza, kaka. Utawazidi wanaoanza kwa namna unavyojua kuanguka, na hilo litakuokoa mabega. Ila kumbuka kwa mkanda huo kifundo cha mkono ni marufuku kwenye mashindano ya IBJJF, kwa hiyo nikyo yako nzuri ikae pembeni. Tumia muda huo kujifunza kushikilia mtu chini, maana ndicho aikido haikukupa.