Likizo ndefu, mfuko mdogo: unga wa kufinyanga na mapovu

Usitoe michezo yote siku ya kwanza. Watoto huchoka upesi na kitu kinacholala sebuleni kutwa nzima. Anza na unga wa kufinyanga.

Changanya vikombe 2 vya unga wa ngano na kikombe 1 cha chumvi laini. Tia kijiko 1 kikubwa cha mafuta ya kupikia, kisha maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, yasizidi kikombe 1, huku ukikanda kwa dakika 5 hadi 10. Ukimimina maji yote kwa mkupuo, donge litanata vidoleni. Hapo ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Likipasuka-pasuka linapoviringishwa, limekauka: lowanisha mikono, ukande tena. Rangi ya chakula ikorogwe kwenye maji kabla ya kukanda, ndipo ienee sawasawa. Likishachezewa, lifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa. Likiota ukungu, litupe. Mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni asipewe kabisa, kwani chumvi hiyo ni hatari kwake.

Mapovu ni ya nje, asubuhi au jioni, maana jua kali na upepo huyapasua haraka. Kikombe 1 cha maji, vijiko 2 vikubwa vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko 1 cha sukari. Koroga polepole bila kutoa povu, kisha pinda waya uwe duara la kupulizia, ncha zake uzikunje ndani zisichome.