Globu za sodiamu zinakufa mapema? Angalia choki, kidhibiti umeme wake, kabla hujanunua nyingine

Nimetoka kumsaidia jamaa mwenye yadi ya magari, globu zake za njano za wati 250 zilikuwa hazimalizi mwaka. Globu nzuri inaandikwa masaa 24,000, ukiiwasha masaa 12 kila usiku hiyo ni miaka mitano na kitu.

1. Zima umeme, acha ipoe, fungua taa.

2. Wati za globu na za choki zilingane. Globu ya 250 kwenye choki ya 400 itawaka hadi mteja akusifie, ila haidumu.

3. Tepu ya choki. Tepu ni sehemu za kufunga waya zilizoandikwa volti, choki nyingi zina 220, 230 na 240, na mafundi wengi wanafunga popote waya ulipofikia. Pima umeme usiku wa manane, sio mchana, maana mchana mashine za watu zinavuta, usiku mzigo unapungua volti zinapanda, ukiwa karibu na transfoma unaweza kukuta 245. Sasa choki ikiwa kwenye 220 globu inalishwa kuliko wati zake, inachemka, volti yake yenyewe inapanda kabla ya umri mpaka choki inashindwa kuishikilia, ndio unaona inazima, inapoa, inawaka, inazima tena, watu wanasema feki. Hamishia 240. Ila kama kwenu jioni umeme unashuka sana weka 230, la sivyo globu iliyozeeka itakuwa inazima saa mbili usiku.

Kuhakikisha, funga globu mpya, subiri dakika kumi, bana klampu mita kwenye waya unaotoka choki kwenda globu, sio waya unaoingia, kapasita itakudanganya. Ya 250 icheze ampea 3, ya 400 karibu 4.5. Mita ya kuchomeka usiipeleke kwenye holda kabisa, ignaita (kifaa cha kuwashia globu) inarusha volti elfu tatu mpaka tano na wewe uko juu ya ngazi.

4. Holda ya kauri tu. Ulimi wa kati ukiwa mweusi badilisha, usikwangue.

5. Fotoseli (jicho linalowasha taa giza likiingia) isitazame taa yake, itawasha na kuzima usiku kucha na kila kuwasha kunakula ncha za ndani ya globu.

6. Globu ikianza kuzima-zima ing'oe siku hiyo hiyo, ignaita isiyojizima inaendelea kupiga na mwisho inatoboa choki. Mimi nanunua ignaita zenye taima ya kujizima tu, bei imezidi kidogo lakini choki ni ghali zaidi.