Namna ya Kupima Maji ya Ardhini Yanayotokea Chini ya Bahari

Katika pwani ya mwamba wa matumbawe, mvua nyingi huzama ardhini badala ya kutiririka mtoni, na sehemu yake hutokea baharini kwa kupenya mchanga wa chini. Hori ya Mida, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya, haina mto wa kudumu unaoingia, na maji matamu huifikia kwa njia hiyo.

Kata pipa la chuma la lita 200 upate kipande chenye mfuniko na kina cha sentimita 15 hivi. Kizamishe polepole mchangani, uwazi ukielekea chini na tundu la juu likiwa limeinuka kidogo ili gesi itoke, kisha ukiache siku nzima, kwa kuwa kukizamisha kwenyewe huuvuruga mchanga. Baadaye funga mfuko mwembamba wa plastiki kwenye tundu. Usiufunge ukiwa mtupu, maana mfuko uliokunjamana hujinyoosha na kuvuta maji, nawe utadhani yametoka ardhini. Tia kwanza lita 1 ya maji ya bahari na utoe hewa yote.

Eneo la pipa ni takriban mita 0.25 za mraba. Mfuko ukiongezeka lita 0.6 kwa saa 2, maji yanapanda milimita 1.2 kwa saa. Usikimbilie kuzidisha kwa 24: bahari inapokupwa, uzito ulio juu ya mchanga hupungua na mtiririko huongezeka, kwa hiyo pima kupwa na kujaa, wakati wa bamvua (bahari inapojaa na kupwa sana) na wa maji mafu (inapojaa na kupwa kidogo). Tena, mengi ya maji hayo huwa ni ya bahari yenyewe, yaliyozama yalipojaa na sasa yanarudi. Chumvi nayo ipimwe.

Ili kujua shinikizo, chomeka bomba jembamba lenye vitundu nchani, ulinganishe kimo cha maji yaliyomo na uso wa bahari. Hapa ndipo wengi hukosea. Maji ya bahari ni mazito kwa asilimia 2.5 hivi, hivyo mita 2 zake husawazishwa na mita 2.05 za maji matamu, na sentimita 5 zinaweza kuonekana hata pasipo mtiririko wowote. Zidisha kila kimo, kuanzia kwenye vitundu, kwa msongamano wa maji yake kabla ya kutoa.

Bomba likionyesha shinikizo la kupanda huku mfuko haujaongezeka, kagua ukingo wa pipa, kisha utafute tabaka la tope.